Wote Waliovaa Shati Lile

Ndugu yangu alikuwa na ngumi nzito kuliko za mtu yeyote niliyemjua, na siku moja pale Kondele nilimwona akizishusha juu ya mtu asiye na kosa.

Nilikuwa muuza mitumba. Miaka ya themanini tuliifanya kazi hiyo kwa kujificha, askari wa manispaa wakitokea tunakumbatia nguo na kutimua mbio, lakini kufikia mwanzo wa miaka ya tisini marobota yalikuwa yakishushwa mchana kweupe, nami nilikuwa na kibanda cha miti kando ya barabara, jirani na mafundi wa baiskeli. Mtaji wangu ulikuwa mdomo. Niliwatukana wateja hadi wakanunua, na walirudi kwa sababu matusi yangu yalikuwa na ladha. Wiki hiyo nilifungua robota likanitolea mashati ya manjano matupu, yote sare, kila moja na picha ya nyuki mgongoni. Huko ng'ambo labda yalikuwa ya timu, labda ya kiwanda. Niliyauza upesi, na haikuchukua muda nusu ya vijana wa Kondele wakawa kama watoto wa mama mmoja.

Kisha ikapigwa nduru ya mwizi. Mama mmoja alikuwa amenyang'anywa mkoba kwenye stendi, na aliyeunyakua alivaa shati la manjano. Alikimbilia upande wa Migosi akapotea kabisa. Umati ulikuja mbio nyuma yake, ukakata kona, na mtu wa kwanza uliyemkuta amevaa manjano alikuwa fundi wa baiskeli, jirani yangu, ameinama anaziba panchari. Hakuwahi hata kusimama.

Sitaremba mambo. Jiwe la kwanza lilimpata shingoni. Mtu mwingine alichukua cheni ya baiskeli kutoka kwenye zana zake mwenyewe akamchapa nayo usoni. Walimkanyaga tumbo, walimkanyaga vidole. Ndugu yangu alikuwa akitoka kazini, kichinjioni kule Mamboleo, ambako kazi yake ilikuwa kuwaangusha ng'ombe na kuwapasua. Gambuti aliziacha kazini kama kawaida yake, akatembea pekupeku. Aliposikia neno mwizi hakuuliza swali. Wanaume walimpisha kwa sababu walimjua, na alianza kumpiga yule fundi ngumi, kisha mateke ya kisigino, mazito, ya kupanga, jinsi alivyofanya kila kitu.

Mimi nilikuwa naliona shati. Nilijua nani na nani walikuwa nalo, kwa kuwa wote nilikuwa nimewauzia mimi. Niling'oa mti wa kutundikia nguo nikaingia.

"Si yeye! Si yeye, nyinyi mbwa! Hii shati niliuza mimi, watu wengi wako nayo!"

Hakuna aliyesikia. Walikuwa hawampigi mtu tena, walikuwa wanapiga shati. Nilimchapa ndugu yangu mgongoni kwa ule mti, mara ya kwanza, mara ya pili, hadi ukavunjika. Aligeuka na ngumi imeinuliwa juu ya uso wangu, macho mekundu, na nilimwona akinitafuta ndani ya kichwa chake, kwamba huyu mwanamke ni nani. Ilichukua muda. Kisha mkono ukashuka.

"Nyaminwa," akasema. Dada yetu. Hivyo ndivyo alivyoniita maisha yake yote, ingawa mimi ndiye mkubwa.

"Si yeye," nikamwambia.

Tayari tairi la kumchomea lilikuwa linabingirishwa kuja. Ndugu yangu alimtazama mtu aliyekuwa chini, akatazama tairi, halafu akasimama na miguu yake huku na huku ya yule fundi na kuanza kuwapiga wale wale aliokuwa akipiga pamoja nao. Alivunja taya la mtu siku ile. Fundi alipona, lakini jicho lake la kushoto lilipasuka na halikuona tena.

Jioni ndugu yangu aliketi kwangu na mguu ndani ya karai la maji, na maji yakawa mekundu. Chini ya kisigino alikuwa na doa jeusi, lenye kingo zilizochanika chanika, ambalo alilibeba kwa muda mrefu na kuliita msumari. Alidai aliwahi kukanyaga msumari na kutu ikabaki ndani. Mateke yake mwenyewe yalikuwa yamelichana. Tukafunga kitambaa. Wiki zikapita, kidonda hakikuziba, kikawa kinatoa damu na maji meusi na kunuka. Pale mtaani wakaanza kunong'ona kwamba ni damu ya fundi inamdai. Upuuzi mtupu. Doa lilikuwapo kabla ya fundi, kabla ya shati, kabla ya robota lenyewe. Nilimwambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na yeye guu lake tayari linaoza, anasubiri nini? Nikamburuta hospitali.

Daktari alikuwa mwanamke mfupi, mkali kama pilipili. Alikiangalia kisigino, akainua sketi yake kidogo akapiga magoti sakafuni ili akione vizuri, na alipoinuka hakuwa mkali tena. Hapo nikaogopa. Alisema ni saratani ya ngozi, aina mbaya, ile inayoanza kwenye chembe zinazotengeneza weusi wetu, na kwa watu wa rangi yetu hupenda kujificha chini ya nyayo na chini ya kucha ambako hakuna anayetazama. Walimkata kisigino karibu kufika mfupani, wakaziba kwa ngozi ya pajani.

"Wametoa kipande ya kuuza kabisa," ndugu yangu aliniambia wodini. "Isiyo na mafuta."

Nilicheka hadi nikalia. Alikuwa na watoto wadogo watatu na mke mgonjwa wa pumu, na mimi nilikuwa sina ndugu mwingine. Nilimtaka aishi. Sikutaka kitu kingine chochote katika miaka ile, na yeyote aliyesimama njiani nilikuwa tayari kumng'ata.

Alirudi kazini akichechemea. Kila Jumamosi alifunga maini kwenye gazeti, akapita Kondele, akayaweka juu ya sanduku la zana la yule fundi na kwenda zake. Hakuomba msamaha. Wanaume wa namna yake hawana neno hilo mdomoni. Fundi naye hakusema asante; alisubiri ndugu yangu afike mbali ndipo akayachukua.

Kisha vijivimbe vikaanza kupanda mguu. Vilikuwa vyeusi, vigumu, vidogo kama kunde, kimoja juu ya kifundo, kingine kwenye muundi, kingine karibu na goti. Tulirudi kwa daktari. Alivipapasa vyote, na ndugu yangu akamwambia avikate.

"Nikikata hii, ile ingine inatoka," daktari akasema. "Hii kitu sasa inatembea."

"Basi kata mguu."

"Mzee, hata nikikata mguu."

Ndugu yangu alipiga ngumi mezani, kalamu zikaruka. Daktari hakupepesa jicho. Aliziokota kalamu moja moja na kutuambia kuna jambo moja anaweza kujaribu, la zamani, ambalo lilimsaidia huyu likamshinda yule, na kwamba yeye hatuahidi kitu. Nikamwambia anieleze nielewe, mimi si mtoto. Akanitazama nguo nilizovaa na mfuko niliobeba.

"Wewe si unauza mitumba? Robota ikiwa imefungwa, mteja anajuaje iko na nini ndani?"

"Natundika nje."

"Basi. Kila chembe ya mwili inafanya hivyo. Inachukua vipande vidogo ya vitu iko nayo ndani, inatundika nje. Askari wa damu wanapita kama wateja wako, wanapapasa moja moja. Wakikuta kitu ya mgeni, wanaua. Wakikuta ya nyumbani, wanapita."

"Na hii kansa inatundika nini?"

"Hapo ndio shida. Hii si mgeni. Ni mtoto wa nyumbani ameharibika. Anatundika ile rangi nyeusi tu, kama chembe zote za ngozi yetu. Na askari wamefundishwa toka utoto wasiguse watu wa nyumbani."

"Kikulacho ki nguoni mwako," nikasema.

"Umeelewa kuliko wanafunzi wangu," akasema, na nikajua ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, lakini nikapenda.

Dawa yenyewe ilikuwa ile chanjo ya kifua kikuu wanayodungwa watoto wachanga, inayoacha kovu kwenye mkono. Sote tunalo. Daktari alieleza kwamba haiui kansa. Kazi yake ni kupiga nduru. Ukiidunga ndani ya uvimbe, askari wa mwili mzima wanakuja mbio kuangalia kuna nini, na wakiwa pale, wamekasirika, huenda wakamtazama vizuri yule mtoto wa nyumbani na kumtambua.

Niliukumbuka umati ukikata kona. "Na wakipiga ambaye si yeye?"

"Hiyo iko," akasema.

Alividunga vile vya chini tu, akaviacha vya juu ili apime kwa hivyo. Sijapata kuona mwili ukipigana namna ile. Siku iliyofuata mguu ulivimba ukawa mzito kama gogo, joto likampanda, akatetemeka hadi kitanda kikagonga ukuta. Vile vijivimbe vilifura, vikapasuka, vikamwaga usaha na kitu cheusi kama masizi yaliyolowa. Alikuwa akipiga kelele kwa Dholuo apewe kisu chake cha kazi aukate mguu mwenyewe, yeye anajua pa kupitishia. Muuguzi mwanamume alipojaribu kumshika alimpiga kichwa puani. Walimfunga kwa mashuka mikono yote miwili. Mimi nilikalia goti lake zima nikimtukana ili anichukie mimi badala ya kukata tamaa, na yeye alinitukana, na mzee mmoja wa kitanda cha jirani akatuombea sote wawili rehema.

Daktari alimdunga tena baada ya majuma, na tena. Kila mara vita vile vile. Halafu vijivimbe vikakauka, vikabaki makovu. Tena havikukauka vile tu alivyovidunga. Hata vya juu, karibu na goti, ambavyo sindano haikuvigusa, vilinywea kimoja kimoja. Daktari alivipapasa, akaondoka, akarudi kuvipapasa tena.

"Wamemjua," akasema. "Sasa hawahitaji nduru. Wanamtafuta wenyewe."

Nilitoka nje nikapiga vigelegele kwenye veranda ya hospitali hadi mlinzi akanifukuza.

Mabaka yalianza pale pale mguuni, ukingo mweupe kuzunguka makovu. Kisha pembe za mdomo. Kisha vidole, ncha zote, weupe wa maziwa, na kuzunguka macho, na nywele za kichwa upande mmoja. Kila juma weusi wake ulizidi kumegeka. Tulimpeleka kwa daktari kwa hofu, na yule mwanamke, mbele ya wagonjwa wote, akapiga makofi.

"Hii ni kitu nzuri!" akasema. "Nimesoma juu yake, sijawahi kuona na macho yangu. Hata huko ng'ambo ndio sasa wanaanza kujua askari wanasoma kipande gani. Wanasoma ile rangi. Kansa imetundika hiyo, ngozi nzuri imetundika hiyo. Askari wanapiga wote. Unaona hapa kwa mkono? Hawa ni wale hawakuwa na makosa. Wamepigwa juu ya shati."

Nilikuwa nimemsimulia habari za Kondele. Ndugu yangu aliangalia vidole vyake muda mrefu.

"Kwa hivyo itaendelea," akasema.

"Wacha iendelee. Vita ikiwa nje kwa ngozi, unajua iko ndani pia. Usipake kitu, usimeze kitu. Hiyo mabaka ndio uhai wako, Mzee. Uiheshimu."

Angeiheshimu nani? Ilikuwa miaka ambayo ukimwi ulikuwa umeingia kila nyumba pale ziwani, hakuna aliyeutaja jina, na kila mtu alikuwa mpelelezi wa ngozi ya mwenzake. Kipele kilitosha kukuzika. Sasa fikiria mtu mwenye mabaka meupe usoni, ambaye kazi yake ni kushika nyama. Wenye bucha waliokuja kichinjioni kununua walitazama mikono yake, wakahamia kwa mchinjaji mwingine. Msimamizi alimwambia apumzike hadi apone. Apone nini? Yeye alikuwa amepona! Mke alichukuliwa na kaka zake pamoja na watoto. Shangazi yetu, dada wa baba, ambaye tulimwita Waya kwa lugha yetu na aliyetulea mama alipofariki, alifunga kula kwa ajili yake, akazunguka makanisa, na kila mahali alisema ni chira, laana ya mtu aliyevunja mwiko, na kwamba rangi imemkimbia kijana wake kwa sababu ya damu aliyomwaga Kondele. Alisema hayo akilia. Alimpenda kuliko alivyonipenda mimi, na hakuwahi kulificha.

Pale Mamboleo aliingia mahali pa pombe alipokuwa akinywa miaka yote. Aliketi, wenzake wakainuka. Aliagiza, akaletewa kwa kopo la bati, na alipomaliza, mwenye pombe akalichukua kopo kwa kijiti na kulitupa jalalani mbele ya macho yake. Ndugu yangu alivunja benchi na kuvunja mkono wa mtu. Wakatoka nje wote, na nje wakaongezeka. Ni nani aliyerusha jiwe la kwanza sijui. Alikimbia, yeye aliyekuwa hajui kukimbia, na kisigino kile cha ngozi ya pajani, wakimfuata barabarani na mawe, na hawakuhitaji kuuliza ni yupi kati ya watu wote waliokuwa barabarani. Alionekana kutoka mbali. Alifika kwangu kichwa kimechanika hadi mfupa kuonekana. Nilimshona mimi mwenyewe kwa uzi wa kushonea nguo, kwa sababu alikataa kutoka nje.

"Nyaminwa," aliniambia nikimdunga sindano, "nilisikia wanavyopumua. Mimi najua hiyo kupumua. Nimekuwa ndani yake."

Ni mtu mmoja tu aliyeendelea kupokea kutoka mikono ile. Ndugu yangu alikuwa akinunua maini sokoni sasa, ya watu wengine, lakini Jumamosi alipita Kondele kofia imeshushwa hadi machoni, na fundi mwenye jicho moja aliyachukua. Safari hiyo hakusubiri afike mbali. Aliwasha jiko la makaa, akayachoma pale pale kando ya barabara, akamkatia na yeye kipande kwa kisu kile kile. Nilikuwa kibandani naona. Watu walikuwa wanapita wanaona. Nilimpenda yule fundi siku ile, na nilitamani kumpiga kila aliyepita.

Baadaye mambo yakageuka na mimi nikafurahi kama mjinga. Uso wa ndugu yangu ukaanza kujaa. Mashavu yakawa duara, akawa anakula sana, na pembeni mwa mabaka zikatokea nukta nyeusi ndogo ndogo zikitambaa kuingia katikati. Baada ya muda vidole vilikuwa vyeusi tena hadi karibu na kucha. Waya alimshukuru Mungu kwa sauti. Watu wakasema amenawiri, na wakati ule kunenepa ndiyo ilikuwa hati ya usafi. Msimamizi alimrudisha kazini. Mke alirudi na watoto. Nilimsikia akipiga mluzi asubuhi akielekea Mamboleo, nikajiambia vita vimekwisha na tumeshinda.

Siku ya kliniki daktari alimtazama uso ule wa mviringo akapauka.

"Unameza nini?"

"Hakuna."

"Unameza nini, wewe?"

Kulikuwa na duka la dawa karibu na stendi ya mabasi. Mtu pale alimwambia kuna vidonge vidogo vyeupe, vya watu wa pumu na wa jongo, vinavyorudisha rangi, na alikuwa akivimeza kila siku kwa miezi. Vilifanya kazi kweli. Daktari alitueleza kwa sauti ya chini, na ningependa angepiga kelele. Vidonge vile huwaambia askari walale. Wakilala, hawapigi tena ngozi nzuri, na weusi hurudi. Wala hawampigi yule mwingine.

Alimvua suruali. Juu ya kinena palikuwa na uvimbe wa ukubwa wa yai. Ndugu yangu alikuwa anaujua. Alikuwa akiuona kila alipooga.

Alipewa utaratibu wa kupunguza vidonge kidogo kidogo, kwa kuwa kuviacha ghafla ni hatari, halafu watajaribu nduru tena. Nyumbani nilimwambia anipe chupa niwe nampimia mimi. Akakataa. Nikamrukia mfukoni. Tulipigana, sisi watu wazima, chini, kati ya marobota yangu. Alinisukuma ukutani nikapasuka mdomo, nikamuuma mkono hadi nikaonja damu yake, mkono ule uliokuwa mweusi mzuri bila doa.

"Utakufa!" nilimpigia kelele. "Wewe ng'ombe, utakufa, na watoto wako nitawaambia nini?"

"Wataniita baba," akasema, anahema. "Wewe hukuona. Nilienda kwa shemeji zangu na hiyo mabaka. Yule mdogo alinikimbia. Alijificha nyuma ya mlango akalia nitoke. Sasa anakuja, anakaa kwa mguu yangu. Unataka nikae miaka mingi ndani ya nyumba nikiogopwa? Nyaminwa, wacha nikufe nikiwa mtu."

Nikampiga kofi. Hakulirudisha.

Aliendelea kumeza. Uvimbe ulipanda tumboni, kisha kwenye ini. Alichinja ng'ombe hadi juma aliposhindwa kuinua shoka. Mwishoni alikuwa akikohoa damu nyeusi, na maumivu yakawa yanamkunja kama kitambaa kinachokamuliwa. Daktari alikuja nyumbani mwenyewe na morfini, akakaa nje ya mlango baada ya kumdunga, na akalia kwa hasira. Nilimjua mwenzangu kwa kilio hicho. Mtoto mdogo alikuwa amelala juu ya kifua cha baba yake wakati kilipoacha kupanda. Hapo ndipo nilipomsamehe ndugu yangu kidogo, kidogo tu.

Tulimzika kwetu kijijini, ufukweni upande wa Seme, na kwa kuwa alikuwa mwanamume na baba, vijana walitoka na ng'ombe kukifukuza kifo, kama desturi yetu ya tero buru. Walikwenda mbio hadi ukingo wa ziwa, mikuki na rungu hewani, wakipiga vichaka, wakipiga maji, wakimtukana adui wasiyemwona. Walirudi na jasho na vumbi, mmoja amechanwa begani na pembe. Miguu yangu ilitaka kwenda nao. Kifo walikitafuta kila mahali isipokuwa kwenye ile chupa ya vidonge.

Jeneza lilikuwa wazi chini ya turubai. Alikuwa mweusi, mzima, anang'aa kwa mafuta, uso umejaa kama wa kijana. Watu walipita kwa mstari. Wale wa Mamboleo walikuja, waliomrushia mawe pia, wamevaa suti. Waya alisimama kichwani pa jeneza akimpapasa shavu kwa nyuma ya vidole, na akainua uso wake kwetu sote, uso uliotulia.

"Mungu ni mwema," akasema. "Angalieni. Amenirudishia mtoto na rangi yake yote."

Nilimpiga. Mbele ya maiti, mbele ya mchungaji, nilimpiga yule mwanamke aliyenilea, kwa kiganja na kisha kwa ngumi, kitambaa chake cha kichwa kikaanguka, na nilikuwa naendelea, na nilisikia pumzi yangu ikitoka kwa namna ambayo ndugu yangu alisema anaijua. Wanaume walipiga kelele lakini hakuna aliyesogea. Kisha mkono ukanishika kifundo cha mkono kutoka nyuma, mkono wa mafuta ya cheni, mgumu.

Alikuwa yule fundi. Alikuwa amekuja na baiskeli kutoka Kondele, safari ya saa nyingi, na kwenye kiti cha nyuma alikuwa amefunga kitu ndani ya gazeti, kinachovuja.

"Mama," akaniambia taratibu, jicho lake moja kwenye uso wangu. "Si yeye."

Nilivuta mkono, akaushikilia. Niliwatazama watu wote pale bomani, mmoja mmoja, nikimtafuta aliyekuwa yeye. Fundi alinishika hadi ngumi ikafunguka yenyewe, kisha akainama, akaokota kitambaa cha Waya kutoka vumbini, akakikung'uta na kumpa.